Waliolala Humu Usiku wa Jumapili

Mwaka 1753 mbunge mmoja wa Uingereza, Thomas Potter, mtoto wa marehemu Askofu Mkuu wa Canterbury, alipeleka bungeni muswada wa kuhesabu watu wa nchi nzima kila mwaka, pamoja na ndoa, vizazi, vifo na maskini walioishi kwa msaada wa parokia. Ungedhani amependekeza nchi iuzwe. Mbunge wa York, William Thornton, alisimama akafoka. Mpango huu, alisema, utafuta mabaki ya uhuru wa Mwingereza: maadui wa ng'ambo watajua udhaifu wa taifa, na watoza kodi wa ndani watapata orodha ya kuanzia kazi. Akaongeza kwamba ofisa yeyote atakayebisha kwake kuuliza idadi ya watu wa nyumba hatajibiwa, na aking'ang'ania, watumishi watamkamata na kumtosa kwenye bwawa la kunyweshea farasi. Wapinzani wengine walikumbusha habari za Mfalme Daudi, aliyewahesabu watu wake na tauni ikaondoka na roho 70,000. Muswada ulipita katika bunge la chini, ukafia kwenye Baraza la Malodi.

Thornton alishinda, na waliolipa gharama ni vitukuu. Mwingereza wa karne ya 18 aliyekuwa na ardhi ameacha hati ya ardhi. Aliyekuwa na mali ameacha wosia. Aliyeiba kondoo ameacha kesi. Kibarua aliyeishi kwa amani, akalipa madeni yake na kufa kitandani, ameacha mistari mitatu katika madaftari ya kanisa: ubatizo, ndoa, maziko. Madaftari hayo yalianza 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, na ni hazina kubwa. Lakini hayasemi mtu aliishi na nani, alikula kwa kazi gani, wala alitoka wapi kabla ya kuhamia pale. Ndiyo maana anayetafuta ukoo wake wa Kiingereza leo hushika kwanza sensa za karne ya 19, na kwa madaftari ya kanisa huenda baadaye, akishajua ni kanisa gani.

Kilichobadili mawazo ya wakubwa ni njaa na vita. Mwishoni mwa karne ile Uingereza ilikuwa inapigana na Ufaransa, mavuno ya 1799 na 1800 yaliharibika, bei ya mkate ikapaa, na hapakuwa na mtu serikalini aliyejua ni vinywa vingapi vinavyosubiri kulishwa. Thomas Malthus alikuwa ametoa kitabu chake mwaka 1798, akidai kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. John Rickman, msomi mpenda takwimu, alikwisha kuandika hoja ya kutaka watu wahesabiwe. Hoja hiyo ikamfikia mbunge Charles Abbot, na mwaka 1800 sheria ikapita pasipo mtu kutishiwa bwawa. Tarehe 10 Machi 1801 wasimamizi wa maskini wa kila parokia walianza kupita nyumba kwa nyumba. Jibu lilikuwa watu wapatao milioni 8.9 katika England na Wales.

Kwa mtafuta nasaba, sensa hiyo na zile tatu zilizofuata, za 1811, 1821 na 1831, karibu hazina faida. Serikali ilitaka idadi tu: nyumba ngapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, wangapi wako mashambani na wangapi viwandani. Hapa na pale kasisi au msimamizi mwenye bidii aliandika majina kwanza ili asikosee kuhesabu, kisha daftari lake likabaki kwenye sanduku la parokia. Mwenye bahati ya kuwa na babu katika parokia kama hiyo amshukuru mtu yule aliyefanya zaidi ya alichotumwa.

Zamu ya majina ilifika 1841. Miaka minne kabla, tarehe 1 Julai 1837, serikali ilikuwa imeanza kusajili yenyewe vizazi, ndoa na vifo, ikaigawa nchi katika wilaya za usajili na kumteua Thomas Henry Lister kuwa Msajili Mkuu wa kwanza. Mtandao huo ukakabidhiwa sensa. Makarani wapatao 35,000 waliajiriwa, na masharti yalikuwa ya kutisha kidogo ukilinganisha na ujira: mtu mwenye akili na nguvu, asiye mgonjwa, asiye mlevi, mwenye heshima zake, anayejua kusoma na kuandika vizuri. Kila mmoja alipewa eneo lake, akagawa fomu kwa wakuu wa kaya, akarudi Jumatatu ya tarehe 7 Juni kuzikusanya. Swali lilikuwa moja, na ndilo lililobaki kuwa moyo wa sensa za Uingereza: ni nani waliolala ndani ya nyumba hii usiku wa Jumapili?

Kisha karani alikaa na kunakili fomu zote katika kitabu chake. Fomu zenyewe ziliharibiwa baadaye, kwa hiyo tunachosoma leo kuanzia 1841 hadi 1901 ni nakala ya karani, wala si maandishi ya babu. Vitabu vya 1841 vilijazwa kwa penseli. Miaka zaidi ya 180 imepita, na kurasa nyingine zimefifia mpaka unainamisha kioo huku na huku ukikisia kama hii ni herufi au ni kivuli. Kando ya majina kuna vijistari vya mshazari: kimoja maana yake kaya imeisha hapa, viwili maana yake nyumba nzima imeisha. Msomaji asiyevijua huunganisha familia mbili zilizopanga chini ya paa moja, akajipatia shangazi wasio wake.

Sensa hiyo ya kwanza ya majina ina kasoro mbili zinazoumiza. Haisemi nani ni nani kwa nani: mwanamume wa miaka 40, mwanamke wa 35 na watoto wanne wanaweza kuwa mume, mke na watoto wao, au kaka, dada na wapwa. Tena umri wa kila aliyezidi miaka 15 uliagizwa ushushwe hadi kwenye tano iliyo chini yake. Wa miaka 39 akaandikwa 35, wa 64 akaandikwa 60. Hata kasri la Buckingham halikusamehewa: Malkia Victoria, aliyekuwa ametimiza miaka 22 wiki mbili tu kabla, aliandikwa ana 20, na mumewe Albert, wa miaka 21, naye 20. Wako makarani ambao hawakufuata agizo hilo, na ukimkuta mmoja wao umeokota dodo. Mahali pa kuzaliwa napo, kwa aliyezaliwa England au Wales, palitajwa kwa ndiyo au hapana tu: je, amezaliwa katika kaunti hii anayoishi? Na kwa kuwa ilikuwa Juni, vibarua walikuwa wametawanyika kwenye majani ya kukata, wakilala ghalani na kwenye mahema. Tangu hapo sensa zikahamishiwa Machi na Aprili, watu wakiwa bado majumbani; isipokuwa ile ya 1921, na hiyo ina kisa chake.

Jumapili ya 30 Machi 1851 ndipo mlango ulipofunguka kweli. Msajili Mkuu sasa alikuwa George Graham, na nyuma yake alikuwapo William Farr, tabibu na mtakwimu aliyetaka kujua kwa nini watu wanakufa, na ili ajue hilo alihitaji kujua walio hai ni akina nani, wana umri gani na wanafanya kazi gani. Safu mpya zikaongezwa: uhusiano na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, umri kamili, parokia na kaunti ya kuzaliwa, na kama mtu ni kipofu au bubu na kiziwi.

Safu ya mahali pa kuzaliwa ndiyo iliyobeba hazina yote. Mzee wa miaka 75 anayehesabiwa Manchester mwaka 1851 alizaliwa kama 1776, miaka 60 na ushei kabla ya serikali kuanza kutoa vyeti. Pasipo sensa, kumtafuta katika maelfu ya parokia za Uingereza ni kazi ya kukata tamaa. Lakini karani amemuuliza, naye amejibu kijiji fulani cha Norfolk. Kesho yake unafungua daftari la ubatizo la kijiji hicho, na ukibahatika unakutana na baba yake, mama yake na ndugu zake wanaomfuata. Farr alikuwa akitafuta chanzo cha vifo. Hakuwa na habari kwamba anawaachia wajukuu wa wafuma pamba njia ya kurudi kwenye kijiji ambacho babu zao walikikimbia.

Njia hiyo, hata hivyo, inapita mlangoni, na mlangoni mambo mengi hutokea. Miaka ile ya 1840, theluthi moja hivi ya wanaume na karibu nusu ya wanawake waliofunga ndoa walitia alama ya msalaba badala ya sahihi. Katika nyumba ya aina hiyo fomu haikujazwa na mwenyewe. Alitaja, na karani akaandika alichosikia. Mhamiaji kutoka Ireland anataja jina lake kwa lafudhi ya kwao, karani wa Liverpool analiandika kwa sikio la kwao. Watu wa London huimeza herufi H, kwa hiyo Hale anaweza kulala kwenye kitabu kama Ale na kukutoroka mchana kweupe. Jina la ukoo lina tahajia tatu katika sensa tatu, na aliyeshikilia kwamba "sisi hatujawahi kuliandika hivyo" hafiki mbali.

Umri nao una tabia zake. Wapo wanawake ambao kati ya sensa moja na nyingine waliongezeka miaka saba tu. Mume aliyekuwa mdogo kuliko mkewe alisogezwa mbele, mke akarudishwa nyuma, wakakutana katikati. Wazee waliopita sabini walielekea kujiongezea, maana hapo miaka ilianza kuwa sifa. Mtafutaji mzoefu hutanua wavu, miaka mitano huku na mitano huku, asishangae.

Kwenye mahali pa kuzaliwa uongo ulikuwa na sababu ya tumbo. Kwa sheria ya maskini, aliyefilisika aliweza kurudishwa kwenye parokia aliyokuwa na haki nayo, akapakiwa na watoto wake na kupelekwa mahali ambapo huenda hajapaona tangu utotoni. Mtu aliyejua hilo, akiulizwa na mgeni mwenye kalamu na karatasi ya serikali, alikuwa na kila sababu ya kusema amezaliwa papa hapa. Ukikuta babu yako amezaliwa Leeds mwaka 1851, halafu 1881, akiwa mzee na mwenye makazi ya kudumu, akataja kijiji cha mbali, mwamini wa 1881.

Halafu kuna uhusiano. Mwanamke wa miaka 47 ana mtoto wa mwisho wa mwaka mmoja, wakati anayemtangulia ana miaka kumi, na katika nyumba hiyo hiyo yupo binti wa miaka 19 asiyeolewa. Mtoto ameandikwa mwana wa bibi yake, na mtaa mzima huenda ulijua. Kizazi kilichofuata hakikuambiwa, na mara nyingi ni kitukuu wa leo, akiweka kurasa mbili kando kando, anayegundua kwamba aliyeitwa shangazi alikuwa mama. Pia yapo maneno yaliyohama: Mwingereza wa karne ile alimwita mama wa kambo kwa jina lile lile la mama mkwe, na mtoto wa kambo akawa mkwe. Kijana wa miaka tisa anayesomeka kuwa mkwe wa mkuu wa kaya hajaoa. Mama yake ndiye aliyeolewa mara ya pili, na jina la ukoo la kijana ndilo la mume wa kwanza. Hapo sensa imekupa ndoa nzima ambayo hukuwa unaitafuta.

Jambo moja wazazi walilificha kwa huzuni zaidi. Kuanzia 1871 fomu iliuliza pia nani ana ugonjwa wa akili au amezaliwa na upungufu wa akili, kwa maneno ambayo leo ni matusi. Ni mama gani ataandika neno lile mbele ya jina la mtoto wake? Maofisa wenyewe walikiri katika ripoti zao kwamba safu hiyo haiaminiki. Safu tupu hapo haithibitishi kitu.

Waliolala nje ya nyumba za kawaida walikuwa na vitabu vyao: magereza, kambi, hospitali, shule za bweni, nyumba za maskini. Katika baadhi ya taasisi hizo, hasa za wagonjwa wa akili, mtu aliandikwa kwa herufi za mwanzo za jina tu, kwa kumsitiri. Kuanzia 1861 meli nazo zilipewa fomu, na meli za kivita zilihesabiwa hata zikiwa bandari za mbali. Sensa ya 3 Aprili 1881 ilipofanyika, HMS London ilikuwa imetia nanga Unguja, kituo cha mabaharia waliofukuza majahazi ya watumwa katika pwani yetu. Mtu ambaye baharia wa ukoo wake haonekani Portsmouth wala Plymouth mwaka huo, na afungue pia orodha za meli. Huenda alilala usiku ule akisikia adhana ya Mji Mkongwe.

Jinsi kurasa hizi zinavyosaidia, na zinavyoishia, inaonekana vizuri kwa Charlie Chaplin, ambaye hata mabibi zetu walimjua kwa kofia, bakora na masharubu. Cheti chake cha kuzaliwa hakijawahi kupatikana. Mwaka 1952 Wamarekani walioshuku siasa zake waliiomba idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, imchunguze. Majasusi walipekua rejesta wakarudi mikono mitupu. Yeye mwenyewe alisema amezaliwa 16 Aprili 1889 huko Walworth, kusini mwa London. Sensa ya 5 Aprili 1891 inamkuta huko huko Walworth, mtaa wa Barlow, mtoto wa karibu miaka miwili akiishi na mama yake Hannah na kaka yake wa mama mmoja, Sydney. Baba, mwimbaji wa majukwaani aliyeitwa pia Charles Chaplin, hayumo. Hakuna safu iliyouliza sababu, lakini kutokuwepo kwake usiku ule kunaoana na yote tunayojua juu ya nyumba hiyo iliyovunjika mapema.

Geuza ukurasa, 31 Machi 1901. Mtoto yupo namba 94 Ferndale Road, Brixton, nyumbani kwa Jackson, mwenye kundi la watoto waliocheza dansi kwa viatu vya mbao, na kazi yake imeandikwa: msanii wa jukwaani. Hajafikisha miaka kumi na miwili. Kati ya kurasa hizo mbili kuna miaka kumi ambayo sensa haina hata neno nayo: mwaka 1896 Hannah na wanawe wakiingia nyumba ya maskini, wavulana wakipelekwa shule ya watoto fukara ya Hanwell, mama akiugua akili na kulazwa. Hayo yamejulikana kwa madaftari ya nyumba ya maskini na ya shule. Sensa ilitoa ncha mbili za uzi. Katikati pakashonwa kwa nyaraka nyingine. Na usipoteze muda kumtafuta 1911. Usiku wa 2 Aprili mwaka huo alikuwa Marekani na kundi la Fred Karno, akizunguka majukwaa. Alirudi kutembelea London Septemba 1921, miezi mitatu baada ya makarani kupita. Kwa sensa zilizo wazi leo, Uingereza ilimhesabu mara mbili tu.

Sensa ya 1911 inastahili kukaa nayo. Kwa mara ya kwanza fomu ya kaya yenyewe imehifadhiwa, kwa hiyo hapa, mwisho, unaona mwandiko wa babu: herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu, wino uliodondoka, mzaha wa aliyeorodhesha mbwa wake pamoja na wanawe. Serikali iliogopa kwamba watu wanazaa kidogo na watoto wanakufa wengi, ikataka kila mwanamke aliyeolewa aseme ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, wangapi wangali hai, wangapi wamekufa. Wajane hawakutakiwa kujibu. Wengi walijibu. Maofisa walipitisha mstari mwekundu juu ya majibu yao, lakini chini ya mstari yanasomeka: kumi na moja, sita, watano. Watoto watano, na katika hao huenda yupo aliyezaliwa baada ya sensa ya 1891 akafa kabla ya ile ya 1901, ambaye jina lake halimo katika sensa yoyote. Ni tarakimu moja ya mama yake inayomwambia mzao wa leo kwamba bado kuna mtu wa kutafuta kwenye rejesta za vifo.

Usiku wa sensa hiyo wako wanawake waliokataa kuhesabiwa. Kama hatuhesabiwi kwenye kura, walisema, tusihesabiwe kwenye sensa. Wengine waliandika maneno hayo juu ya fomu badala ya majina. Wengine walitoka nje wakazunguka Trafalgar Square, au wakakesha wakiteleza kwa viatu vya magurudumu katika ukumbi wa Aldwych, ili usiku upite wasilale katika nyumba yoyote. Emily Wilding Davison alijificha kwenye kabati la kanisa dogo lililo chini ya jengo la Bunge, apate kudai kwamba makazi yake usiku wa sensa yalikuwa bungeni. Walimkuta, na ofisa wa jengo akamjazia fomu. Huku nyuma mama mwenye nyumba aliyompangisha alikuwa amemwandika pia. Mwanamke aliyegoma kuhesabiwa akahesabiwa mara mbili. Miaka miwili baadaye alifariki baada ya kugongwa na farasi wa mfalme kwenye mbio za Epsom. Aliyekosa bibi katika sensa ya 1911, wakati mume na watoto wapo, azingatie uwezekano huu kabla ya kudhani amekufa.

Vitabu vyote hivi viliwekwa chini ya pazia la miaka mia moja, desturi iliyopewa nguvu ya amri mwaka 1966. Kabla ya kompyuta, kumpata mtu kulihitaji kujua alipoishi: ulikwenda London, ukaketi mbele ya mashine ya filamu na kuzungusha mtaa mzima, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yatoe machozi. Ugumu huo ndio uliowasukuma maelfu ya watu wa kujitolea, wa vyama vya historia ya familia na wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kunakili kwa mkono sensa nzima ya 1881. Ilitolewa kwenye santuri za kompyuta mwaka 1999, na mpaka leo ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo, kwa kuwa ni ya bure na imenakiliwa na watu waliojua majina ya vijiji vyao. Ile ya 1901 ilipofunguliwa kwenye intaneti tarehe 2 Januari 2002, watu waliivamia kwa wingi kiasi kwamba tovuti ilizidiwa siku hiyo hiyo, ikafungwa kwa miezi kadhaa.

Mashine za kutafuta zimeleta uvivu wake. Aliyenakili faharasa alisoma mwandiko wa karani, aliyesoma mwandiko wa jirani, aliyesikia mdomo wa babu. Kosa lina njia tatu za kuingilia. Jina la ukoo likigoma, liache. Tafuta kwa jina la kwanza, umri na kijiji cha kuzaliwa. Au tafuta mtoto mwenye jina la pekee, maana katika nchi iliyojaa akina John na Mary, dada aitwaye Keziah humwongoza mtu moja kwa moja hadi kwa kaka zake. Ukimpata, nenda kwenye picha ya ukurasa, soma majirani wa juu na chini, wakwe mara nyingi wako mlango wa tatu. Na unakili namba ya hati, RG 11 kwa 1881 na nyinginezo kwa miaka yake, ili usirudie safari. Kurasa nyingine hazipo kabisa: vitabu vya 1851 vya Manchester na miji ya jirani viliingiliwa na maji, na baadhi ya vile vya Belgravia vya 1861 vimepotea.

Sensa ya 1921 ilipangwa kufanyika Aprili, ikasogezwa hadi 19 Juni kwa sababu ya mgomo wa wachimba makaa uliotishia kusimamisha nchi. Ilifunguliwa Januari 2022. Ni sensa ya nchi yenye kilio: iliuliza kwa kila mtoto wa chini ya miaka 15 kama wazazi wake wako hai, na ilikuta wanawake 1,096 kwa kila wanaume 1,000. Iliuliza pia mtu ameajiriwa na nani, na hapo unapata jina la kiwanda, la mgodi, la duka.

Baada yake kuna shimo. Fomu za sensa ya 1931 ziliwekwa katika ghala la serikali huko Hayes, magharibi ya London. Desemba 1942 ghala likawaka moto. Wajerumani hawakuhusika; ulikuwa moto wa ndani ambao chanzo chake hakikuthibitishwa, na walinzi wa moto walikuwapo zamu. Sensa yote ya England na Wales iliteketea. Ya 1941 haikufanyika, kwa sababu ya vita. Maana yake ni kwamba baada ya 1921, sensa nyingine itakayofunguliwa ni ya 1951, mwaka 2052, na wengi wanaotafuta leo hawataiona.

Pengo hilo limezibwa kidogo na daftari ambalo halikuwa sensa. Tarehe 29 Septemba 1939, vita ikiwa haijamaliza mwezi, makarani elfu nyingi waliandikisha raia wote wapatao milioni 40 ili wapewe vitambulisho. Daftari hilo linataja tarehe kamili ya kuzaliwa, kitu ambacho sensa zilizo wazi leo hazikitoi. Watoto wa mijini wanaonekana vijijini, kwenye nyumba za watu baki, kwa kuwa walikuwa wamehamishwa kukimbia mabomu; wanajeshi hawamo. Kwa kuwa Huduma ya Taifa ya Afya iliendelea kulitumia hadi 1991, mwanamke aliyeolewa baadaye amekatwa jina la baba yake na juu yake likaandikwa la mume, kwa wino wa rangi nyingine, wakati mwingine mawili au matatu. Mistari ya waliozaliwa chini ya miaka mia moja iliyopita imefunikwa kwa weusi, isipokuwa kifo chao kimethibitishwa. Anayemtafuta mama aliyezaliwa 1932 na kufariki karibuni, na akakuta mstari mweusi katikati ya wajomba zake, awapelekee Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew nakala ya cheti cha kifo, watamfungulia.